Boksi Lililobaki Isebania

Tangu daktari alipotamka neno upasuaji, Adero Okeyo alizihesabu siku kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili baba yake mkubwa, Mzee Oduol, angepanda basi kwenda Mwanza, na Jumatatu asubuhi angepasuliwa koo ili uvimbe uliokuwa umeota pale kwa miaka tisa uondolewe.

"Sauti inaweza kubaki kama ilivyo," daktari alisema, "na inaweza kubadilika. Hilo siwezi kuliahidi."

Ndugu wengine walishukuru kwamba uvimbe ule haukuwa wa kutisha. Adero naye alishukuru, lakini usiku ule usingizi ulimpaa. Mzee Oduol ndiye aliyekuwa mpiga nyatiti wa mwisho katika ukoo wao. Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda, vidole vikichezea nyuzi, huku pete nzito ya chuma iliyovishwa kidole gumba cha mguu ikigonga ubavu wa kinubi. Nyimbo zake nyingi vijana walizijua nusunusu. Mmoja tu hakuna aliyeujua: wimbo wa wazee, unaochukua dakika ishirini na tano, ambamo hutajwa mmoja mmoja wale walioanzisha ukoo, nani alibaki upande huu wa mpaka na nani alihamia upande wa pili kabla hapajawa na mpaka. Mzee alikuwa na wanafunzi wawili. Wa kwanza siku hizi anaendesha lori. Wa pili alihamia kwenye gitaa. Kwa hiyo, kama sauti ingebaki kwenye meza ya daktari, wimbo nao ungebaki hapo hapo.

Na katika ukoo mzima aliyekuwa na studio alikuwa Adero.

Ilikuwa studio kwa jina tu. Kilikuwa chumba kimoja mjini Sirari, nyuma ya duka la pembejeo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ili mwangwi usirudi. Meza aliirithi kwa marehemu baba yake, fundi redio, pamoja na alama za kuungua zilizoachwa na chuma cha kulehemu. Akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, Adero aliishi kwa kurekodi kwaya, nyimbo za harusi, na matangazo ya wauza mbegu ambayo huzungushwa sokoni kwa spika. Alikuwa mtu wa utaratibu. Waya zake alizikunja kwa namna moja, na kila kazi aliiandika katika daftari la mistari.

Daftari hilo lilikuwa na ukurasa mmoja aliouchukia. Mwezi uliopita kwaya moja kutoka Nyamongo ilikuja kurekodi. Programu aliyoitumia kwenye kompyuta ilikuwa ya wizi. Aliwekewa na Mwikwabe, muuza simu wa huko huko Nyamongo, kwa bei ya kuku. Kwaya iliimba vizuri, ikaondoka. Adero alipofungua kazi ile kesho yake, alikuta kila baada ya dakika moja kumeingia mlio wa "shiii", mithili ya mafuta yanayokaangwa. Ilikuwa adhabu waliyoitega wenye programu kwa asiyelipia. Mwalimu Werema, kiongozi wa kwaya, aliusikiliza wimbo wake hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Adero, mwanangu, huyu nyoka alijiunga na kwaya yetu lini?"

Alicheka, lakini hakurudi tena. Adero alimpigia simu Mwikwabe.

"Hiyo programu ni nzuri sana, dada," Mwikwabe alijitetea. "Wengine wote hawajalalamika."

"Wengine wangapi?"

"Wewe na mwingine mmoja."

"Na huyo mwingine anasemaje?"

"Alihama."

Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, na Adero hakutaka methali hiyo imtimilie mara ya pili akiwa mbele ya baba yake mkubwa. Kwa kwaya angeweza kusema turudieni. Kwa mzee Oduol baada ya Jumapili, nani angemwambia arudie?

Jumanne na Jumatano alizitumia kutafuta. Programu halali, ukiinunua mtandaoni, bei yake ilizidi kodi yake ya nusu mwaka, na hata alipojaribu kujua kama angeweza kuilipia kwa simu, ukurasa ulidai kadi ya benki ambayo hakuwa nayo. Tena alihitaji kisanduku cha kupokea sauti, kile kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, kwa kuwa chake cha zamani kiliungua umeme ulipopanda ghafla wakati wa masika. Aliandika daftarini: Tarime mjini, hakuna. Mwanza, kipo, bei mara mbili, na hakuna wa kukileta kabla ya Jumamosi. Kuagiza kwa mtandao, wiki tatu.

Mwishowe akapata duka mjini Migori, upande wa Kenya. Mwenye duka alimtumia picha. Kilikuwa kisanduku kidogo chekundu chenye matundu mawili ya maikrofoni, cha mwisho dukani, kwa bei aliyoimudu. Na ndani ya boksi, mwenye duka alieleza, mlikuwa na kadi ndogo yenye namba ya siri ya kukwangua kama vocha. Ukiiingiza namba hiyo mtandaoni, unapewa programu ya kurekodia iliyo halali, yako maisha yako yote. Adero aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kitu kimoja kingetibu magonjwa mawili.

Alhamisi, hata hivyo, alipaswa kumpeleka mzee hospitalini Tarime kwa vipimo vya damu. Basi akampigia shangazi yake, Zilpa, dada wa mzee Oduol, aliyeolewa Isebania, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, na ambaye kila Alhamisi huenda Migori kuuza dagaa. Alimtumia pesa na kumweleza duka lilipo, rangi ya kisanduku na jina la muuzaji.

"Kishike kama yai, Shangazi."

"Nyathina, mwanangu, mimi nimebeba mayai kabla mama yako hajaolewa," Zilpa alijibu. "Nitakuletea Ijumaa asubuhi."

Adero alieleza kila kitu isipokuwa habari ya kadi.

Alipotoka hospitalini jioni alipitia kituo cha forodha, akauliza ofisa mmoja utaratibu wa kuingiza kifaa kimoja cha kazi. Akaambiwa aje nacho pamoja na risiti, kitathminiwe, alipe kinachostahili. Jibu hilo lilimpa pumzi. Alijiona amefunga kila mlango ambao bahati mbaya ingepitia.

Ijumaa saa nne asubuhi shangazi Zilpa aliingia studio na karai la dagaa kichwani. Chumba kikanuka ziwa. Adero alimwamkia, shangazi akaitikia marahaba huku akitua karai, akachimbua dagaa kwa mikono miwili, akatoa bunda la kanga kuukuu. Ndani mlikuwa na kisanduku chekundu, kikiwa kimepakwa majivu kidogo pembeni.

"Haya! Nani amesema mimi siwezi kazi ya studio?"

"Shangazi, kwa nini kina majivu?"

"Ndiyo kionekane cha zamani. Umesahau hapa ni mpakani? Kitu kikiwa ndani ya boksi ni cha serikali. Kikitoka kwenye boksi ni cha mtu." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyevusha sufuria, viatu na mashuka kwa miaka thelathini kwa kanuni hiyo hiyo. "Hakuna mtu ameniuliza hata swali moja."

Adero aliikung'uta kanga, hakikuanguka kitu kingine.

"Na boksi lenyewe liko wapi?"

"Boksi? Si nililiacha nyumbani. Boksi ni la nini?"

"Ndani yake mlikuwa na kadi, Shangazi. Na risiti. Kadi ndiyo programu yenyewe. Bila kadi, hiki ni chuma tu."

Zilpa alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyeambiwa msiba. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hatujalichoma. Nilimpa kuku."

"Umempa kuku kadi?"

"Nimempa kuku boksi, wacha kuchanganya mambo! Ana mayai. Kikapu chake kilioza, jana jioni nikaona boksi gumu, zuri, nikamhamishia. Na karatasi za ndani sikutoa. Nilitandika majani juu yake."

Wakafunga studio na kuondoka. Umbali ule Adero aliuzoea tangu utotoni, lakini siku hiyo kila hatua ilimletea picha mpya: kadi imedonolewa, kadi imelowa, namba imefutika. Kisanduku alikiacha mezani humo. Shangazi alitembea kwa kasi isiyolingana na umri wake, akinung'unika kwa Kijaluo, na Adero hakuweza kujua ananung'unikia nani.

Jikoni kwa Zilpa, pembeni mwa mafiga, kuku mwekundu alikuwa amejaza boksi zima kwa manyoya yake. Alipowaona alivimba.

"Polepole," Zilpa alionya. "Leo ana siku ya kumi na sita akiatamia. Ukimtoa vibaya atasusa, na mimi nitabaki na mayai kumi na moja ya kunuka."

"Mtoe wewe. Mimi ananichukia."

"Anakujua kweli."

Zilpa alimfunika kuku kwa kanga, akamwinua huku akimsemesha kama mgonjwa. Adero aliyahamisha mayai moja moja kwenye ungo, yakiwa na joto la mwili. Chini ya majani alikuta risiti imejikunja. Chini ya risiti, kijitabu cha maelezo. Chini ya kijitabu, kwenye kona iliyolowa kinyesi, ilikuwapo kadi.

Aliifuta kwa upindo wa sketi. Utando wa fedha ulikuwa mzima lakini umelainika. Aliweka ukucha juu yake, akauondoa. Aliwahi kukwangua vocha kwa pupa hadi tarakimu zikatoka pamoja na utando, na vocha ile ilikuwa ya mia tano tu.

"Lete hapa," shangazi alisema. "Mimi nimekwangua vocha kabla mtandao wenu haujafika Tarime." Akaianika kadi juu ya jiwe la jiko lililokuwa na joto la asubuhi, akangoja, akaijaribu kwa kidole, akangoja tena. Adero alisimama nyuma yake akichungulia begani. Hatimaye Zilpa alichukua shanga moja ya ushanga wake, iliyo laini kuliko ukucha, akasugua kwa mizunguko midogo. Herufi na tarakimu zikajitokeza, zote kumi na sita.

Adero aliziingiza kwenye simu. Ukurasa ulizunguka, ukakata. Akarudia. Ukazunguka, ukakata. Ukurasa ukamwonya kwamba majaribio yaliyobaki ni matatu.

"Shangazi, inakataa."

"Simu yako imeshika mtandao gani?"

Adero akatazama. Hapo jikoni simu yake ilikuwa ikirukaruka, mara mtandao wa nyumbani, mara wa Kenya, kama mbuzi asiyejua zizi lake; kila iliporuka, mawasiliano yalikatika. Zilpa akampa simu yake yenye laini ya Kenya. Adero aliingiza herufi moja moja, shangazi akisoma kadi kwa sauti, wakarudia kuhakiki kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha akabonyeza.

Ukurasa ulimkaribisha kwa jina lake.

Aliketi sakafuni kando ya mafiga. Zilpa akamrudisha kuku kwenye mayai yake, sasa ndani ya ungo. Kuku akatoka. Akamrudisha tena. Akatoka tena, akasimama mlangoni akiwatazama kama mpangaji aliyefukuzwa.

"Analitaka boksi lake," Zilpa alisema.

"Nalihitaji forodha. Waliniambia risiti na kifaa. Kifaa bila boksi watasema ni cha wizi."

"Basi nenda upesi. Mayai yakipoa hayarudi."

Adero aliyafunika mayai kwa sweta lake, akachukua boksi, akavuka. Alichukua kisanduku studio, akakiweka ndani ya boksi lenye majani, akajipanga foleni. Ofisa aligeuza kisanduku, akasoma risiti, akanusa.

"Dada, kifaa hiki cha muziki mbona kinanuka dagaa na kuku?"

"Kilipita mikono mingi, afande. Mwenzako mmoja jana aliniambia nije na risiti, nami nimekuja."

Ofisa akaandika tathmini, Adero akalipa, akapewa karatasi yake. Alikirudisha kisanduku studio, akatia kompyuta yake ndogo begini, kisha akaonekana akirudi tena upande wa Kenya, safari hii na boksi tupu mkononi, na ofisa yule yule akamwita.

"Na boksi linakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe, afande. Yumo kwenye mayai."

Ofisa alicheka mpaka akakaa. Adero hakucheka, alikuwa akihesabu dakika. Alipofika, kuku aliruka ndani ya boksi kabla majani hayajatandikwa vizuri. Adero akabaki pale hadi alasiri, kompyuta yake ikipakua programu kupitia simu ya shangazi, asilimia moja baada ya nyingine, huku akiogopa kuisogeza simu hata kwa upana wa kidole.

Jumamosi saa tatu asubuhi mzee Oduol aliletwa studio kwa bodaboda, akiwa ameikumbatia nyatiti yake kama mtoto. Koo lake lilikuwa limefungwa skafu. Adero alimwamkia, akamwekea kigoda, akapanga maikrofoni mbili, moja kwa sauti na moja kwa nyuzi, kwa kuwa kisanduku kilikuwa na matundu mawili tu.

"Na ya mguu?" mzee akauliza.

"Mguu hauna ya kwake, Baba Mkubwa."

"Bila pete hii ni gitaa lililochoka." Akanyoosha mguu, pete ikameta. "Wazee huingia kwa mguu. Kinywa huwataja tu."

Adero alifikiri. Alishusha maikrofoni ya nyuzi hadi karibu na sakafu, akaielekeza pale pete inapogonga, akasikiliza kwa spika za masikioni, akaipandisha kidogo, akasikiliza tena. Nyuzi zilikuja kwa mbali zaidi, lakini mgongo ulikuwapo: ko, ko-ko, ko.

Taa nyekundu ikawaka. Mzee akaanza.

Dakika ya kwanza ilipokaribia, Adero alikaza meno akingoja ule mlio wa mafuta. Haukuja. Ya pili haukuja. Hata ya kumi, bado alikuwa akiungoja, kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoruka akiona kamba. Majina yalipita: waliovuka mto, waliogombania fahali, aliyerudi kumzika dada yake. Dakika ya kumi na saba kikohozi kikamshika mzee, kikavu na kirefu, nyuzi zikanyamaza.

"Si neno, Baba Mkubwa," Adero alisema haraka. "Endelea hapo hapo ulipoishia. Kompyuta itaunga."

Mzee alikunywa maji, akatikisa kichwa.

"Huu hauungwi. Ukikatika unarudi kwa jina la kwanza. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokatazwa."

"Lakini koo lako. Na Jumatatu unaingia..."

"Adero. Wazee hawatiwi kiraka."

Hapo Adero aliogopa kuliko jikoni kwa shangazi. Pale aliogopea namba. Hapa alisikia sauti yenyewe ikimomonyoka, na yeye ndiye angeiruhusu itumike tena mwanzo hadi mwisho. Aliwaza kumzuia. Aliwaza kuunga kwa siri, na mzee asingejua kamwe. Kisha akamtazama mguu: pete ilikuwa imeshainuliwa, inangoja.

Akawasha taa.

Safari ya pili sauti ilikuwa ya chini zaidi, yenye mikwaruzo, na mzee aliimba akiwa amefumba macho. Kwenye dakika ya kumi na saba Adero alijikuta ameishika meza ya baba yake kwa mikono miwili. Kikohozi kilipanda, kikasikika kifuani, mzee akakimeza, pete ikagonga kwa nguvu zaidi kuziba pengo, na jina lililofuata likatoka zima. Dakika ya ishirini na sita nyuzi zikatulia. Adero aliihifadhi kazi ile mara tatu, kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili, kabla ya kuthubutu kusema ahsante.

Jumatatu simu ililia saa nane mchana. Alikuwa Sylvester, mtoto wa mzee, akiwa hospitalini Mwanza. Upasuaji ulikwisha salama. Mzee alikuwa macho.

"Na sauti?"

"Bado. Amekatazwa kujaribu. Daktari anasema tungoje wiki kadhaa ndipo ijulikane." Sylvester akaongeza, "Ila ameomba karatasi, ameandika swali. Anasema nikuulize wewe. 'Pete imesikika?'"

Adero alisogea kwenye kompyuta. Alimwambia Sylvester aweke simu karibu na sikio la mzee, akafungua wimbo, akaisogeza simu yake mbele ya spika. Nyuzi zikaanza, pete ikaingia, na sauti ile yenye mikwaruzo ikataja jina la kwanza. Aliusikiliza uso kwa uso na ukuta wa trei za mayai, bila kujua kama huko wanasikia chochote zaidi ya kelele.

Kisha, kutoka ndani ya simu, akasikia kitu kikigonga chuma cha kitanda, taratibu, bila kukosea: ko, ko-ko, ko.